Baiskeli ya Milima kwa Vipande vya Mtumba: Jinsi ya Kuiunda Mombasa Ikadumu

Chuma cha Mombasa huliwa mchana na usiku. Ukikaa Kibokoni, Likoni au Shanzu unajua: bawaba ya dirisha isiyotiwa mafuta haimalizi mwaka kabla haijaanza kulia. Baiskeli ni chuma hicho hicho, tena ina gololi, waya na thredi ndogo ndogo ambamo chumvi hujificha. Kwa hiyo anayetaka kuunda baiskeli ya mtumba hapa kwetu lazima aanze na swali ambalo mtu wa bara halimsumbui sana: kipande hiki kimekwisha kuliwa kiasi gani, na nitakizuiaje kisiendelee kuliwa?

Nimeunda kadhaa, yangu na za jamaa. Ninayoitumia sasa hunitoa Mishomoroni asubuhi, ikavuka Nyali Bridge, ikanifikisha kisiwani na kunirudisha jioni na mzigo wa sokoni kwenye kerea. Hakuna kitu kipya juu yake isipokuwa vile ambavyo nitawaambia msinunue vikuukuu kamwe. Rangi yake haimvutii mtu, nami nimeiacha hivyo kwa kusudi.

Nimechagua umbo la baiskeli ya milima kwa sababu ya njia zetu. Ukiacha lami unakutana na mchanga, mawe ya matumbawe yaliyochomoza, na mashimo ambayo masika huyajaza maji usijue kina chake. Tairi nene ya inchi 1.95 au 2.1 hupita huko bila kukuvunja mgongo. Isitoshe, gurudumu la inchi 26 la baiskeli za milima lilitamba dunia nzima kuanzia miaka ya 1980, kisha wazungu wakahamia 27.5 na 29. Zile za zamani ndizo zinazoshuka kwenye makontena, na tairi zake hazisumbui kupata.

Kuhusu fedha, kila shilingi mia mimi huigawa hivi: arobaini kwa magurudumu na tairi, ishirini kwa breki na kebo, kumi kwa giresi, gololi na mafuta, na iliyobaki ndiyo ya fremu na mengine yote. Wengi hufanya kinyume. Huvutiwa na fremu yenye jina kubwa, wakamaliza pesa hapo, kisha wakafunga gurudumu lililopinda. Wahenga walisema rahisi inavunja upishi, na kwenye baiskeli gurudumu baya ndilo linalovunja upishi wote.

Vitu vya kununua vipya, bila mjadala: cheni, kebo na kava zake, raba za breki, gololi, na tyubu. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na vingine, na ndivyo vinavyobeba maisha yako.

Vya kubeba ukienda kutafuta

Usiende soko la Kongowea wala kwa fundi wa mtaani mikono mitupu. Beba tepu yenye milimita, sumaku ndogo, uzi wa mita tatu, kitambaa, na daftari. Ukishaandika kipimo, muuzaji hawezi kukushawishi kwa maneno. Niliwahi kumwambia mzee mmoja, "Mzee, nipunguzie, gurudumu lenyewe limepinda." Akaniambia, "Mwanangu, lipime kwanza, halafu tuzungumze." Nililipima, likawa limenyooka kuliko nililokuwa nimeliacha nyumbani. Nikamlipa bei yake.

Na jambo moja la haki kabla ya bei: chini ya fremu, pale ekseli ya pedali inapopita, huwa pamepigwa nambari. Ikiwa imesuguliwa au imepigwa tindo, ondoka. Ikiwa ipo, iandike, na uombe risiti hata ya mkono. Kununua mali ya wizi ni kosa la jinai, na zaidi ya hapo ni kumnunulia mtu machozi yake.

Fremu

Gusisha sumaku. Ikinasa, ni chuma. Isiponasa, ni aluminiamu. Kwa baiskeli ya kazi mimi hupendelea chuma, kwa sababu fundi wa kuchomelea akijua kazi yake anaweza kukitengeneza, na kwa sababu chuma hukuonya kabla hakijakatika. Aluminiamu haishiki kutu nyekundu, lakini ikipata ufa usijaribu kuichomelea mtaani. Itupe.

Ubaya wa chuma ni kwamba hapa kwetu huoza kutokea ndani. Nje unaona rangi, ndani ni unga. Pindua fremu uone kama kuna unga mwekundu unaotoka kwenye tundu la chini au kwenye mdomo wa bomba la fremu ambamo kiti huingia. Kisha igonge kwa sarafu kuanzia juu hadi chini. Bomba zima hulia kwa sauti kali. Lililoliwa hulia kama debe lenye matope. Gonga zaidi sehemu ya chini, kwa sababu maji yote ya mvua huishia hapo.

Halafu angalia chini ya bomba la mbele, pale linapoungana na shingo ya usukani. Kidole kikihisi uvimbe, au rangi ikiwa imekunjamana kama ngozi ya mzee, fremu hiyo iliwahi kugonga kitu kwa mbele. Uma, ule unaoshika gurudumu la mbele, nao uutazame kwa ubavu: sehemu yake ya juu iwe kwenye mstari mmoja na shingo. Ukiwa umerudi nyuma, umepinda.

Kwa kupinda kwa upande, tumia uzi. Ufunge kwenye mdomo mmoja wa nyuma, pale ekseli inapokaa, uupeleke mbele ukazunguka shingo ya fremu, urudi nao hadi mdomo wa pili, mahali pale pale. Sasa pima umbali kutoka uzi hadi bomba la fremu lililosimama chini ya kiti, kushoto na kulia. Tofauti ikizidi milimita 3, fremu imepinda, na baiskeli itakuvuta upande mmoja siku zote.

Baada ya hapo jaribu kuvuta bomba la kiti, lile jembamba linalobeba kiti na kuingia ndani ya fremu. Ni jambo dogo ambalo limenigharimu sana. Bomba la aluminiamu likikaa ndani ya fremu ya chuma pamoja na chumvi, metali hizo mbili hushikana kana kwamba zimechomelewa. Nilinunua fremu nzuri ya namna hiyo nikidhani mafuta yatalilegeza. Nilipambana nalo siku tatu, mwisho nikalikata kwa msumeno kipande kwa kipande. Lisipotoka mbele ya muuzaji, usilipe. Likitoka, soma kipimo kilichopigwa juu yake. Mabomba haya hupishana kwa milimita 0.2 tu, mfano 27.0 na 27.2, na la kukaribiana halifai: jembamba litacheza na kuipasua fremu.

Vipimo vya mwisho vya fremu viandike daftarini: upana kati ya midomo ya nyuma (nyingi za milima ni milimita 135, mbele ni 100), upana wa nyumba ya ekseli ya pedali (68 au 73), na kama uma na fremu vyote vina vishina vya kufungia breki za V, zile zenye mikono miwili mirefu inayobana rimu. Fremu isiyo na vishina hivyo itakutesa. Kuhusu ukubwa, simama juu yake miguu ikiwa chini: kati yako na bomba la juu ibaki nafasi ya vidole vinne au zaidi.

Uma wenye springi uache. Ule wa bei nafuu, ukikaa miaka michache kwenye hewa ya bahari, springi hugandamana na kutu na unabaki kuwa uzito tu. Uma wa chuma usio na springi ni mwepesi, hauna cha kuharibika, na tairi nene itakufanyia kazi ya springi.

Magurudumu, na mtego wa namba 26

Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha. Namba 26 iliyoandikwa kwenye tairi haitoshi. Rimu ya 26 ya baiskeli ya milima ina kipenyo cha milimita 559 mahali tairi inapokaa. Lakini ipo 26 nyingine, ya baiskeli za zamani za mjini, tairi yake huandikwa 26 x 1 3/8, na rimu yake ni milimita 590. Kwa jicho zinafanana; tairi ya moja haiingii kwenye nyingine hata ukiita vijana watatu wakusaidie. Mimi nilibeba gurudumu la namna hiyo kwenye matatu hadi nyumbani na nikapoteza siku nzima. Hata 28 ina mtego wake: ya Black Mamba, ile baiskeli nzito ya mzigo, ni 635, ya baiskeli nyingi za Ulaya ni 622. Tafuta namba ndogo ubavuni mwa tairi, mfano 50-559. Hiyo ya pili ndiyo yenye ukweli.

Sumaku itoe tena. Rimu ikinasa, ni ya chuma cha kromu, na rimu ya chuma ikilowa breki hazishiki. Fikiria unashuka Nyali Bridge kwenye mvua, matatu imesimama ghafla mbele yako. Chukua rimu ya aluminiamu tu. Pitisha ukucha kwenye ukuta wake pale raba inaposugua: ukihisi bonde, imesuguliwa ikaisha, na siku moja itapasuka ikiwa na upepo ndani.

Zungusha ekseli kwa vidole. Ikikwaruza kidogo, pengine ni giresi iliyokauka tu. Ikiwa inakwama na kuruka, koni, yaani vile vipande vya ekseli vinavyobana gololi, zimechimbika. Bonyeza spoki mbili mbili kwa mkono kuzunguka gurudumu lote; moja au mbili zilizolegea si neno, lakini zikiwa nyingi na nati zake zimeshikwa na kutu, gurudumu hilo halitanyooka tena. Tundu la valvu nalo litazame. Valvu nene kama ya gari ndiyo bora, kwa kuwa unaweza kujaza upepo hata kwenye kituo cha mafuta.

Meno ya nyuma, yaani friwili, yakiwa yamechongoka kama mapezi ya papa, yamekwisha. Cheni mpya itaruka juu yake kila ukikanyaga kwa nguvu.

Gia: punguza

Mombasa ni tambarare. Vipandio vyetu vya kweli ni daraja la Nyali na ile njia ya kutoka Makupa kwenda Changamwe. Huhitaji gia 21. Tumia sahani moja mbele yenye meno 34 hadi 38 na friwili ya gia 6 au 7 nyuma, meno 14 hadi 28. Kwa sahani ya 36, gia nzito itakupeleka zaidi ya mita 5 kwa kila mzunguko wa pedali, na nyepesi kama mita 2 na nusu. Inatosha kwa mzigo na kwa upepo wa kusi ukikupiga usoni.

Kama kranki uliyopata, yaani mikono inayoshika pedali, ina sahani tatu zilizopigiwa ripiti, usihangaike kuzitoa. Weka cheni kwenye ya katikati, iache ile kubwa iwe kinga ya suruali. Ondoa mashine ya gia ya mbele, ile inayosogeza cheni, pamoja na kebo yake. Kebo moja imepungua, na mahali pamoja pa kutu pamepungua.

Mkono wa gia, ukipata ule wa zamani usiopiga "tak, tak", uchukue. Huo hufanya kazi na mashine yoyote ya nyuma, na kebo ikilegea kidogo unasahihisha kwa kidole ukiwa njiani.

Kufungua na kusafisha

Fungua kila kitu, hata kama kinaonekana kizuri. Kumbuka thredi mbili zinazokwenda kinyume: pedali ya kushoto, na kikombe cha ekseli ya pedali upande wa kulia, wa cheni. Hivyo viwili hufunguka kwa kuzungushwa kama mshale wa saa. Nimeona fremu nyingi zilizoharibiwa na mtu mwenye spana ndefu asiyelijua hilo. Kwa pedali zote mbili, kanuni rahisi ni hii: kukaza, zungusha spana kuelekea gurudumu la mbele, kufungua, kuelekea nyuma.

Palipogoma, tia mafuta mepesi uache hadi kukicha. Osha gololi na koni kwa mafuta ya taa, mbali na jiko. Nati na bolti zenye kutu zilaze usiku mmoja kwenye siki, uzisugue kwa brashi ya waya, uzioshe kwa maji yaliyotiwa magadi ili ukali wa siki ufe, uzikaushe, kisha uzipake mafuta papo hapo. Ukichelewa hadi jioni, kutu itakuwa imerudi.

Fremu isugue kwa msasa palipo na kutu tu, paka andakoti, kisha rangi. Lakini kazi kubwa ni ya ndani. Mimina kikombe cha mafuta safi ya injini kwenye bomba la fremu ambamo kiti huingia, igeuze fremu pande zote, mafuta yapite kila bomba, kisha iache ichuruzike juu ya beseni. Mafuta yaliyobaki yatunze kwenye chupa. Usiyamwage mtaroni, kwa maana mitaro yetu huishia baharini.

Kuunganisha

Anza na shingo. Vikombe vya uma vitie giresi nyingi, panga gololi, kaza hadi uma uzunguke kwa uzito wake bila kucheza. Ukikwama katikati, umekaza mno.

Kisha ekseli ya pedali. Paka giresi kwenye thredi kabla ya kufunga chochote, na uifanye kuwa desturi kwa kila bolti ya baiskeli hii. Giresi hapa inazuia chumvi isiingie kati ya metali mbili, na ndiyo itakayokuwezesha kuifungua miaka mitatu ijayo.

Habu, yaani vitovu vya magurudumu: kwa kawaida nyuma huingia gololi 9 kila upande za robo inchi, mbele 10 za inchi 3/16. Hesabu zilizotoka kabla hujazitupa. Kaza koni hadi ekseli izunguke laini, rudisha kidogo, shikilia koni kwa spana moja huku ukikaza nati ya nje kwa nyingine. Itakubidi urudie mara tatu nne. Usikate tamaa, habu iliyokazwa vibaya hujila yenyewe.

Kunyoosha gurudumu, geuza baiskeli, shika chaki karibu na rimu, zungusha. Inapogusa, rimu imevutwa upande huo. Kaza spoki za upande wa pili robo mzunguko, legeza za upande huo robo, zungusha tena. Ni robo tu kila mara. Anayezungusha nati mzunguko mzima hupoteza njia na huishia kwa fundi.

Bomba la kiti na lile la usukani yote yana alama ya mwisho wa kuyavuta. Yapake giresi, na alama isionekane nje. Kimo cha kiti ni pale unapoweka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa na mguu ukanyooka.

Cheni: izungushe kwenye sahani ya mbele unayoitumia na kwenye meno makubwa zaidi ya nyuma, bila kuipitisha kwenye mashine ya gia. Pale inapokutana, ongeza pingili mbili, ndipo ukate. Kwa gia 6 au 7, nunua cheni ya gia. Ile pana ya Black Mamba haitaingia.

Breki nimeziacha mwisho kwa sababu huwezi kuzipanga kabla ya gurudumu kunyooka. Breki za V zinataka mikono ya breki za V. Mikono ya breki za zamani za kantileva huvuta kebo kidogo mno. Ukiichanganya, mkono utagonga usukani kabla raba haijashika vya kutosha. Raba iguse rimu tu. Ikigusa tairi itaikata, ikishuka chini itajipenyeza kwenye spoki. Iinamishe ncha ya mbele iguse kwanza kidogo, isije ikapiga kelele mtaa mzima. Kisha hakikisha mkono wa kulia unavuta breki ya mbele. Nyingi zinazotoka Ulaya bara zimefungwa kinyume, na mtu akishtuka barabarani hukamata mkono aliouzoea.

Siku ya kwanza na zinazofuata

Kabla hujaingia barabarani, simama kando ya baiskeli, kamata breki ya mbele na uisukume kwa nguvu zako zote. Gurudumu la nyuma liinuke. Fanya hivyo tena kwa ya nyuma, gurudumu liburuzike. Ning'iniza uzito wako kwenye usukani ukijaribu kuupindua. Ukisogea, kaza. Ukimaliza, zunguka kiwanjani nusu saa huku ukisikiliza. Kutoka magharibi na kuendelea, taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma.

Ukipita ufukweni, au ukivuka feri siku ya mawimbi, ioshe jioni hiyo hiyo. Ioshe kwa maji matamu. Visima vingi vya kwetu vina maji ya chumvi, na kuoshea hayo ni kuirudishia kile ulichotaka kuondoa. Kama ya bomba ni haba, kitambaa kilicholowa kinatosha. Usiipeleke kwenye mashine ya kuoshea magari. Maji yale ya nguvu hupenya hadi kwenye gololi na kuifukuza giresi.

Cheni ipanguse na kuitia mafuta kila wiki, kisha uyapanguse yaliyozidi, la sivyo mchanga utaganda. Ipime kila miezi miwili: pingili 24 mpya ni milimita 304.8, zikifika 306.5 ibadilishe kabla haijala friwili. Bomba la kiti livute nje mara moja kwa mwezi, ulipanguse, ulipake giresi, ulirudishe. Na masika yakiisha, mvua zikishakuwa zimepita kwenye kila tundu, fungua habu zote mbili na ekseli ya pedali utie giresi mpya, na uigonge tena fremu kwa ile sarafu kuanzia juu hadi chini.